Mahomes hakuisha, ni ukuta ndo ulidondoka: jibu kwa msomaji wa Mwanza

Swali lenyewe limeniijia hivi: "Kocha shikamoo. Nafuatilia NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mwaka wa pili sasa, naangalia kwa simu usiku, na mi ni wa Chiefs ya Kansas City damu. Ile fainali ya New Orleans Februari 2025, sisi na Eagles ya Philadelphia, mpaka leo sijaielewa. Mahomes, kwotabeki wetu (mrusha pasi), ambaye kila mtu anamwita mbuzi (GOAT, yani bora wa muda wote) kachapwa 40-22, na wachambuzi wanasema Eagles wala hawakutuma watu wengi wa kumkimbiza. Sa iliwezekanaje? Jamaa yangu kazini anasema Mahomes kaisha, mpokea pasi wetu Kelce kazeeka na kocha Reid kazidiwa akili. Nani mkosaji hapo?"

Marahaba mdogo wangu, na pole ya usingizi kwanza, maana ile mechi kwa saa za huko ilianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, sa mtu unakesha na bando lako alafu mpaka mapumziko timu yako iko nyuma 24 kwa bila, inauma. Mi niko Ohio huku na kazi yangu siyo kukaa kwenye tivii na suti, ni kocha msaidizi wa vijana wa sekondari na nafundisha watu wa laini tu, yale mabonge ya mbele yanayosukumana matope kila plei (yani kila mpira unapoanzishwa) na hamna mtoto anaomba anunuliwe jezi yao. Kwa hiyo ujue mapema jibu langu lina upendeleo, kwangu mimi kila kitu kinaanzia na kuishia kwenye laini. Ila safari hii ushahidi uko upande wangu.

Jamaa yako kataja watatu na wote watatu kawakosa. Mkosaji ni nafasi moja ya uwanjani, takoli wa kushoto, yule anaesimama pembeni ya laini upande wa mgongoni mwa kwotabeki anaetumia mkono wa kulia, yani ndo mlinzi wa kisogo. Chiefs msimu mzima wa 2024 hawakuwa na mtu wa maana pale, na namna walivyojaribu kuziba ndo iliyowamaliza.

Twende kwenye hesabu kwanza maana bila hii hutoelewa kwanini Eagles hawakuhitaji kutuma watu wengi. Kila upande una watu 11. Kwenye ofensi (wenye mpira) watano ni laini, kazi yao kuzuia, mmoja ni kwotabeki, wanabaki watano wanaoweza kukimbia mbele wapokee pasi. Difensi (wanaozuia) ikituma wanne wamkimbize kwotabeki maana yake nyuma wamebaki saba wanalinda watu watano, na mbele laini ina watano dhidi ya wanne, kuna mtu mmoja wa ziada wa kumsaidia mwenzake. Kwenye karatasi ofensi ndo yenye raha. Sa difensi nyingi zinachoka kusubiri, kocha anaona kwotabeki hasumbuliwi, anatuma wa tano, wa sita, hiyo ndo blitizi, na pale Mahomes anakula vizuri maana kila mtu aliekuja mbele ameacha uwazi nyuma, na yule kijana macho yake yanauona ule uwazi kabla wewe na mimi hatujajua upo. Ndo maana makocha wenye akili hawapendi kabisa kumpelekea blitizi Mahomes.

Lakini je kama wanne wako wanaweza kuwashinda wale watano? Hapo mchezo umeisha. Kwotabeki hana muda, na akiinua macho anaona watu saba nyuma wametulia kila mmoja na eneo lake, hamna mlango. Ndo alichofanya Vic Fangio, kocha wa difensi wa Eagles, mzee wa miaka 66 siku ile, usiku mzima hakutuma mtu wa ziada hata mara moja. Hata moja! Na bado Mahomes aliangushwa na mpira mkononi mara 6. Huko nyumbani mngesema Eagles walipaki basi, sawa, ila hili basi mbele lilikuwa na watu wanne wanaoshuka kuja kukupiga.

Angalia ile plei iliyovunja mechi. Robo ya pili, Eagles wanaongoza 10-0, bado mechi ipo. Mahomes anaangushwa. Plei inayofata anaangushwa tena. Sa ni jaribio la tatu na anahitaji yadi 16, difensi nzima inajua anapiga pasi, anakimbilia kulia kukwepa presha, anaurusha mpira kurudi katikati na Cooper DeJean katulia kwenye eneo lake anaunasa na kuurudisha yadi 38 mpaka tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, ndo bao lao), 17-0. Tivii ikaonesha kosa la Mahomes, na kweli pasi ilikuwa mbaya sikatai, lakini mi nilikuwa naangalia zile plei mbili za kabla, pasi ile ilikuwa imeshaandikwa. (DeJean siku ile ndo alikuwa anatimiza miaka 22, na Saquon Barkley wa hao hao Eagles alikuwa anatimiza 28, wote wamezaliwa Februari 9. Keki ilikuwepo.) Mpaka mapumziko Chiefs nzima ilikuwa imepata yadi 23. Uwanja una yadi 100 mdogo wangu, nusu ya mechi hawajatembea hata robo yake.

Sa turudi nyuma maana kilichoniudhi mimi ni kwamba Chiefs hii sinema walishaiona. Februari 2021, fainali na Tampa Bay, wakachapwa 31-9. Wengi wanakumbuka Tom Brady kabeba kombe la saba, mi nakumbuka laini. Takoli wao wa kushoto Eric Fisher aliumia kisigino mechi ya nusu fainali, wa kulia Mitchell Schwartz alikuwa nje muda mrefu na mgongo. Wakafanya nini? Wakamtoa Mike Remmers kulia wakamsogeza kushoto, wakamtoa Andrew Wylie kwenye ugadi, nafasi ya ndani ya laini, wakamuweka takoli wa kulia. Yani unabomoa ukuta wa jikoni upate tofali la kuziba ukuta wa sebuleni, matokeo yake una mashimo mawili. Mahomes usiku ule alikimbizwa kama kuku wa sikukuu, alirusha mipira akiwa hewani, akiwa amelala, hakupata tachidauni hata moja. Na Todd Bowles, kocha wa difensi wa Tampa, alifanya kama Fangio, wanne mbele, wengi nyuma, tulia subiri.

Baada ya pale Chiefs waliamka, na hapa lazima nimpe sifa meneja wao Brett Veach maana alifanya kitu ambacho mameneja wengi wanaogopa. Fisher na Schwartz wote akawaacha. Akamleta Orlando Brown kwa kubadilishana, akamsajili Joe Thuney kutoka Patriots miaka mitano kwa dola milioni 80, kwenye drafti ya 2021 (zamu za timu kuchagua vijana wapya) akamchukua senta, yule wa katikati ya laini, Creed Humphrey raundi ya pili na gadi Trey Smith raundi ya sita, raundi ya sita!, huko wanapookota watu ambao wengi hata hawamalizi kambi. Laini mpya kabisa ndani ya miezi michache.

Faida yake ikaonekana Februari 2023 huko Glendale, Arizona, fainali dhidi ya hao hao Eagles. Eagles wa msimu ule walikuwa wameangusha makwotabeki mara 70, ni moja ya namba kubwa kabisa kuwahi kutokea, kila mtu anasema Mahomes anakufa, tena kifundo cha mguu kibovu. Waliangusha mara ngapi? Sifuri. Chiefs wakashinda 38-35. Watu wa Philadelphia watakwambia nyasi zilikuwa zinateleza na ni kweli zilikuwa zinateleza, nililiona kwa macho, lakini zilikuwa zinateleza kwa wote.

Sasa hebu ziweke hizo fainali tatu mezani, Mahomes ni yule yule, Reid ni yule yule, Kelce ni yule yule. Laini mbovu, 31-9. Laini nzima, ushindi. Laini mbovu, 40-22. Mi sihitaji ushahidi mwingine, ila jamaa yako naona ni mbishi basi tuendelee.

Baada ya fainali ile ya 2023 yule Orlando Brown walishindwana kwenye hela akaenda Cincinnati. Akaja Donovan Smith mwaka mmoja, kombe wakachukua, akaondoka. 2024 wakasema watajaribu vijana. Kingsley Suamataia, mtoto wa drafti ya mwaka ule, alianza mechi ya kwanza, ya pili Cincinnati wakamtesa mpaka akatolewa. Akaingia Wanya Morris, mwili anao ila miguu inachelewa. Novemba wakamsajili D.J. Humphries aliekuwa anatoka kwenye jeraha la goti, mechi yake ya kwanza tu msuli wa paja ukagoma. Basi wakarudia dhambi ile ile, wakamchukua Thuney, gadi bora kabisa kwenye ligi miaka miwili mfululizo, wakamsogeza takoli wa kushoto, na nafasi yake ya ugadi wakamuweka Mike Caliendo. Tofali lile lile, mashimo mawili yale yale.

Labda unajiuliza kuna tofauti gani, si wote wanasukumana? Tofauti ni kubwa. Gadi yuko katikati, kushoto ana mtu kulia ana mtu, anapigana kwenye chumba kidogo, pale unahitaji nguvu na akili. Takoli yuko pembeni peke yake kama nyumba ya mwisho wa kijiji, na anaekuja ni mtu wa kilo 115 mwenye mbio za mkimbiaji, anaweza kupita nje, anaweza kukata ndani, wewe unarudi kinyumenyume huku unamzuia. Mikono mirefu ndo silaha, maana ukimfikia yeye kwanza kabla hajakufikia umeshinda. Thuney mikono yake ni mifupi kwa kazi ile. Kwa akili tu alihimili wiki kadhaa, hata Buffalo walifungwa na Chiefs 32-29, na watu wakasema shida imeisha. Haikuwa imeisha, ilikuwa haijakutana na mtu.

Alafu kulikuwa na rekodi ya kudanganya. Chiefs walimaliza msimu 15-2, ukiona namba hiyo unasema hawa wazima. Lakini mechi nyingi walishinda kwa pointi chache dakika za mwisho, na Mahomes msimu ule aliangushwa mara 36, hajawahi kuangushwa hivo kabla. Dalili zilikuwepo ila mtu akishinda nani anapima joto.

Njoo kwa Eagles, hapa ndo patamu. Howie Roseman meneja wao ana ugonjwa mmoja, kila mwaka ananunua mabonge. Jordan Davis drafti ya 2022 namba 13, Jalen Carter 2023 namba 9, Nolan Smith mwaka huo huo namba 30. Raundi za kwanza hizo, wengine wangechukua wapokeaji wenye majina. Milton Williams walimpata raundi ya tatu, Josh Sweat raundi ya nne. Sasa kwenye fainali laini ya Chiefs ikawa inahangaika na Carter, wanamwekea watu wawili, huku nani kabaki mmoja kwa mmoja? Sweat, akaangusha mara mbili na nusu, na Williams mara mbili, ya mwisho akampokonya Mahomes mpira kabisa. Ndo faida ya kuwa na wanane wa kubadilishana, robo ya nne wewe umechoka wao wanaingia wapya.

Na upande wao wa ofensi kuna mtu wangu ninaempenda kuliko wote, Jordan Mailata, takoli wa kushoto, jezi 68. Huyu ni Mwaustralia, alikuwa anacheza raga, mpaka anachukuliwa raundi ya saba 2018 alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya mpira huu. Mita mbili na ushee, kilo zaidi ya 160. Jeff Stoutland aliekuwa kocha wao wa laini alikaa nae miaka miwili bila kumchezesha, anamfundisha namna ya kusimama tu, mguu gani mbele, mikono wapi, na leo ni mmoja wa bora duniani. Nawaonesha wanangu mkanda wake kila wiki. Waafrika mashariki tulikuwa na stori ya karibu kufanana, Daniel Adongo wa Nairobi, nae mtu wa raga, Indianapolis Colts walimsajili 2013 bila ya yeye kuwahi kucheza huu mchezo, akaingia uwanjani msimu ule ule. Yeye hakudumu. Nafikiri kama angepata miaka miwili ya kufundishwa kimya kimya kama Mailata tungekuwa tunaongea mengine, ila hayo ni yangu mimi.

Jambo moja la kuchekesha kidogo kabla sijamjibu jamaa yako. Kocha wa difensi wa Chiefs ni Steve Spagnuolo, bingwa wa blitizi. Usiku ule aliamua Barkley, aliekuwa ametoka kukimbia yadi 2,005 msimu wa kawaida, hapiti, na kweli hakupita, yadi 57 kwa mbio 25, kazi nzuri. Ila Jalen Hurts nyuma ya ile laini alikuwa na muda wa kunywa chai, akakamilisha pasi 17 kati ya 22, akakimbia yadi 72, akampiga DeVonta Smith pasi ya tachidauni ya yadi 46, akaondoka na tuzo ya mchezaji bora. Sa kumbuka Februari 2008, Patriots hawajafungwa mechi 18, fainali wanakutana na New York Giants, Giants wanamuangusha Brady mara 5, wanashinda 17-14. Mbinu ilikuwa watu wanne wa mbele wanamfikia Brady wenyewe. Kocha wa difensi wa Giants siku ile? Spagnuolo huyo huyo. Alichomfanyia Brady kikaja kufanyiwa kwotabeki wake mwenyewe miaka 17 baadae.

Haya, watuhumiwa wa jamaa yako.

Kelce kazeeka, ndio, alikuwa na miaka 35, msimu ule alipokea mipira 97 ila tachidauni 3 tu, ule mwendo wa kuteleza katikati ya difensi umepungua na kwenye fainali alipata yadi 39. Lakini Kelce hata awe na miaka 25, njia zake zinahitaji sekunde tatu zikomae, na sekunde tatu hazikuwepo. Nusu ya lawama za Kelce ni za laini.

Reid hapa ntakubaliana na jamaa kidogo. Ukiona mbele hapashiki kuna vitu unafanya, unapiga pasi za haraka, unamuacha mtu wa ziada pembeni amsaidie takoli, unakimbiza mpira ili wale wanne wapunguze kasi. Chiefs mechi nzima walikimbiza mpira mara 11. Najua ukiwa nyuma 24 huwezi kukimbiza, ila mwanzoni ilikuwa bado 7-0 na 10-0, pale alikuwa na nafasi na hakuitumia. Kwa hiyo mpe Reid sehemu yake, ila ukimpa kisu butu mpishi usimlaumu sana kwa vitunguu.

Mahomes ana makosa yake pia sitamficha, akikimbizwa sana anaanza kukimbia hata pale ambapo hajakimbizwa, anarudi nyuma mno na hivo anawafungulia njia watu wa pembeni, takoli anazuia pale alipofundishwa kumbe kwotabeki keshahama. Hiyo tabia wanayo makwotabeki wote waliopigwa sana na haitoki kwa siku moja. Lakini kaisha? Mtu aliekuwa na miaka 29 siku ile? Zile yadi 257 na tachidauni tatu nyingi zilikuja mechi imeshakufa, sizihesabu, wala simtetei kwa hizo. Namtetea kwa Glendale.

Sa ilipofika Julai 2025 kambi zinafunguliwa, Chiefs walikuwa wamefanya nini? Thuney walimpeleka Chicago kwa nafasi ya drafti ya raundi ya nne tu, inaniuma ila alikuwa na miaka 32 na anahitaji hela. Walimsajili Jaylon Moore kutoka San Francisco, na kwenye drafti ya 2025 namba 32 walimchukua Josh Simmons, takoli wa hapa kwetu Ohio State. Huyu dogo nimemuangalia sana, miguu myepesi, mikono anayo, angechukuliwa mapema zaidi kama asingeumia goti Oktoba 2024. Likishika lile goti Chiefs wamepata mlinzi wa kisogo wa miaka kumi. Lisiposhika wataanza tena kuhamisha matofali, na mi nitakuwa hapa hapa nalalamika. Eagles nao hawakubaki salama mwaka ule, Sweat kaenda Arizona, Williams kaenda New England kwa dola milioni 104, kwa hiyo wale wanne wa ule usiku hawapo tena pamoja.

Jumapili ya Septemba 14, 2025 Eagles walienda Kansas City, na kwa saa za Mwanza mechi ilianza saa tano na dakika 25 usiku, haikuwa ya kukesha kama ile. Mwite jamaa yako muangalie marudio yake wote. Robo ya kwanza msiuangalie mpira kabisa, mpira utawadanganya, wekeni macho kwa yule wa mwisho kushoto kwenye laini ya Chiefs, muone mikono yake inatua wapi na Mahomes anasimama sekunde ngapi kabla hajaanza kukimbia. Mkifika mapumziko niandikie mmeona nini.